Mlinzi “eti” yupo usiku kucha

Mwalimu, shikamoo.

Naandika huku nikiona haya, lakini nimechoka kuchekwa. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Jambiani, nyumba ndogo tu ya vyumba tisa. Kiingereza nazungumza vizuri, wageni wenyewe wananisifu. Kwa hiyo tajiri alipotaka kibao kipya cha kuweka njiani, maneno akaniachia mimi. Mchoraji kazi yake ilikuwa rangi tu.

Nilitaka yale maneno yenye uzito yaonekane, hata mtu akipita na baskeli ayapate. Nikayatia alama za kufungua na kufunga semi, kama tulivyofunzwa skuli. Kibao kikatoka hivi:

WELCOME!
“Fresh” octopus every day
“Clean” rooms and “hot” water
Our “guard” is here all night

Kilipendeza, Mwalimu, sikufichi. Siku ya pili tu wageni wakaanza kukipiga picha. Mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe walisimama pale wakacheka mpaka mke akakaa chini mchangani. Mimi kwa furaha nikawapungia mkono. Wiki mbili nzima watu wanapiga picha, nami najua tumepata soko. Mpaka kijana mmoja, mgeni wa chumba namba nne, akanyoosha kidole kwenye kibao akaniuliza kwa upole: huyo mlinzi wenu, usiku hasa anafanya kazi gani? Na mlinzi wetu, mzee wa watu, alikuwa amekaa pale pale, na Kiingereza anakielewa kuliko anavyojionesha. Tangu siku ile salamu yangu anaijibu nusu.

Tajiri alipopata habari akasema nimemvunjia heshima mbele ya wateja. Mwanawe aliyesoma ng'ambo akaongeza kwamba nimeandika kwa kejeli. Kejeli ipi? Maneno yote nimeyatoa kwenye kamusi! Sasa nimeambiwa kibao kingine nilipe mimi.

Na si hilo tu. Usiku nikitoka kazini nasoma shahada kwa njia ya masafa. Kazi yangu ya mwisho ilihusu kinamama wakulima wa mwani, kilimo kilichoanza huku kwetu mwaka 1989, wengi wao majirani zangu. Imerudi imejaa wino mwekundu, na karibu wote uko kwenye alama hizo hizo. Nilipoandika He said that “I will pay tomorrow” nimekatwa. Nukta niliyoiweka nje ya alama, msahihishaji ameisukuma ndani. Muhula uliopita msahihishaji mwingine aliikuta ndani akaitoa nje. Na pale nilipomnukuu mama mmoja niliyemhoji, nimeandikiwa pembeni, kwa kufuata APA, mwongozo wa uandishi tunaotumia chuoni: hizi alama zitoke. Zitoke vipi, na yule mama kasema kweli? Nimemrekodi kwenye simu, sauti yake ninayo.

Hivi hizi alama zina kanuni, Mwalimu, au kila mwenye kalamu nyekundu ana yake?

Mwenye haya, Jambiani

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda kamwombe radhi mzee wa zamu. Maana kwa msomaji wa Kiingereza kibao chako kilisema hivi: tuna pweza eti wabichi, vyumba eti visafi, maji eti ya moto, na huyo tunayemwita mlinzi yupo usiku kucha. Ungekuwa wewe umeshika rungu lako tangu magharibi, salamu ungeijibu nzima?

Kanuni ipo, tena ni moja, na hata ule ugomvi wa wasahihishaji wako unakaa pembezoni mwake tu. Alama hizi, wewe unaziita za kufungua na kufunga semi, wengine huziita alama za mtajo au za kunukuu, kwenye Kiingereza zina kauli moja: maneno haya si yangu. Ni ya mtu mwingine, mimi nimeyashika kwa ncha za vidole nikuoneshe. Ukimtaja mwenye maneno, msomaji anaridhika. Ukizivalisha neno mojamoja bila kumtaja mtu, anaanza kujiuliza: kama neno hili si la mwandishi, ni la nani? Na kwa nini mwandishi hataki kulibeba mwenyewe? Kejeli uliyoambiwa imeingilia hapo. Kamusi haikukudanganya, ila ulilisema neno huku ukilikana.

Sisi Waswahili kazi hiyo hatuhitaji kuifanya kwa alama, kwa sababu tuna neno lake. Tuna “eti”, na baadhi ya watu wa Pwani wana “ati”. Mtu akisema “eti mchumba wake”, hakuna asiyesikia kwamba uchumba huo msemaji hausadiki. Kiingereza hakina kineno chepesi namna hiyo, ndiyo maana wakizungumza utawaona wananyanyua vidole viwili vya kila mkono wakavikunja hewani kama mtu anayekuna kitu. Pale wanasema “eti”. Wakiandika, wanatia alama.

Basi chukua kipimo nilichokuwa nikiwapa wanafunzi wangu. Kabla hujalivalisha neno la Kiingereza alama, litangulizie “eti” kwa Kiswahili, ulisome kwa sauti, usikie linauma au haliumi. Pweza eti wabichi: linauma, futa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika barua ya kuomba kazi, akajitambulisha hivi:

I am a “hardworking” person.

Nikamsomea kwa sauti: mimi ni mtu eti mchapakazi. Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote, na nina hakika hajalirudia kosa hilo mpaka leo.

Tabia hii imetoka wapi? Siwezi kukulaumu peke yako. Fungua ukurasa wa michezo wa gazeti la Kiswahili uone: kocha “amepigwa chini”, mchezaji “anakipiga” nje ya nchi. Mwandishi pale bado anafuata kanuni ile ile, anasema neno hili ni la mtaani, si langu. Lakini jicho likizoea kuona neno limevikwa alama katikati ya sentensi, huliona linang'aa, na mtu akadhani kazi ya alama ni kung'arisha. Ukitaka neno la Kiingereza ling'ae, kwenye kompyuta lifanye la herufi nene au la mlazo. Kwenye kibao mwambie mchoraji alikuze au abadili rangi. Na pweza wa Jambiani, aliyetolewa miambani asubuhi maji yakitoka, sioni anahitaji kung'arishwa na nani.

Hata hivyo nikupe neno la kukutuliza. Mababu wa alama hizi walikuwa upande wako. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, pale Aleksandria ya Misri, mwanazuoni aitwaye Aristarchus alikuwa akihariri tenzi za Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, na kwenye mstari aliotaka kuuzungumzia alichora pembeni kialama mfano wa ncha ya mshale. Maana yake ilikuwa: angalia hapa. Baadaye waandishi wa Kikristo wakakitumia kuonesha aya zilizotoka kwenye Maandiko. Wapiga chapa wa Ulaya walipokuja, katika karne ya 16, wakakigeuza kuwa vijikoma viwili vilivyoning'inia pambizoni mwa ukurasa, na pole pole vijikoma vikaingia ndani ya mstari. Ni katika karne ya 18, riwaya za Kiingereza zilipokuwa zikishamiri, ndipo vikatulia kwenye kazi ya kuzingira maneno ya mtu anayesema. Kwa hiyo wewe uliyetia alama kumwambia mpita njia “angalia hapa” hukubuni upuuzi. Umechelewa tu, miaka elfu mbili na ushei.

Na wala usidhani pasipo alama hizo hakuna maandishi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 haina hata moja, na watu wanaongea humo mwanzo hadi mwisho. Ya kwetu ya Union Version vilevile: Mungu akasema, Iwe nuru; ikawa nuru. Koma na herufi kubwa zimetosha, na hakuna muumini aliyewahi kupotea akauliza nani kasema. Tenzi zetu za hati ya Kiarabu nazo zilijiendea kwa “akamba” na “kawambia”, msikilizaji akijua zamu imehama.

Sasa tuje kwenye ile sentensi iliyokatwa, maana hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinatutega, na nadhani hapafundishwi vya kutosha. Uliandika:

He said that “I will pay tomorrow.”

Umesikia Kiswahili kichwani. Mtu wetu husimulia hivi: akaniambia kwamba, bwana wee, mimi nitalipa kesho. “Kwamba” imetangulia, na bado maneno ya mwenyewe yamekuja mabichi nyuma yake, pamoja na “mimi” yake. Kwenye maongezi hakuna atakayekushtaki. Tena hata tukisimulia kwa adabu, kitenzi chetu hakibadiliki wakati: atalipa, alisema kwamba atalipa. Mwingereza hana uhuru huo. Yeye akishasema that, amekwisha kuyachukua maneno akayafanya yake, kwa hiyo “mimi” lazima iwe “yeye”, wakati unarudi nyuma hatua moja, na hata kesho inakuwa siku iliyofuata:

He said that he would pay the next day.

Hapo hakuna alama, kwa sababu sauti inayosikika ni yako wewe msimuliaji. Au umwachie mwenyewe azungumze, na that iondoke:

He said, “I will pay tomorrow.”

Angalia koma baada ya said, na herufi kubwa inayofungua kauli yake. Skuli huenda walikufundisha nukta pacha baada ya “akasema”. Kwa Kiingereza nukta pacha si kosa, ila huwekwa zaidi mbele ya dondoo refu au lenye uzito, na kwa mazungumzo ya kawaida koma ndiyo wanayoizoea. Ukimkatiza msemaji katikati ya sentensi, nusu ya pili haianzi kwa herufi kubwa, kwa kuwa hajamaliza:

“I will pay,” he said, “when the seaweed dries.”

Ipo njia ya tatu, na msomi wa shahada itakufaa kuliko zote: kusimulia kwa sauti yako, kisha ukachomeka vijineno vyake vichache vyenye ladha.

He said that he would pay “when the seaweed dries.”

Hapa that inaruhusiwa kukaa na alama, kwa vile ulichonukuu ni kipande kinachoungana na sentensi yako bila kuteguka. Chunga kimoja tu. Kama yeye alisema my seaweed, ukikichomeka kipande hicho nyuma ya he, msomaji hatajua mwani ni wa nani, wako au wake. Hapo ndipo yanapokuja mabano ya mraba:

He said that he would pay when “[his] seaweed dries.”

Mabano yale yanakiri kwamba neno hilo moja umelibadilisha wewe. Ndiyo uaminifu wa alama hizi: kila kilichomo ndani yake ni cha mwenyewe, herufi kwa herufi, na ukigusa kitu unaacha alama ya kidole chako.

Ukishaelewa hilo, suala la yule mama uliyemhoji linajijibu. Naamini kasema, na naamini sauti yake unayo. Lakini alisema kwa Kiingereza? Alikwambia kwa Kiswahili cha Kusini Unguja, wewe ukakaa usiku ukatafuta maneno ya Kiingereza ya kuyabeba yale. Hayo ya Kiingereza ni yako. Mwongozo wa APA unalisema hili waziwazi: kifungu ulichokitafsiri mwenyewe huhesabiwa kuwa maelezo kwa maneno yako, si nukuu, kwa hiyo alama hazikai, ingawa chanzo bado unakitaja. Mwongozo mwingine wa wasomi, MLA, huruhusu alama na ukaeleza kwamba tafsiri ni yako. Chuo chako kimechagua APA, kwa hiyo msahihishaji hakumwita mama yule mwongo. Alikuwa anakukumbusha nani hasa kayatunga maneno hayo ya Kiingereza.

Mimi ningekushauri upate vyote viwili. Mpe mama kauli yake kwa Kiswahili ndani ya alama, kisha maana yake uifuatishe kwa Kiingereza bila alama. Tuseme alikwambia mwani unakufa kwa joto la maji. Andika:

One farmer told me, “Mwani unakufa kwa joto la maji.” In her view, the seaweed is dying because the water has grown too warm.

Msomaji wa Dar es Salaam atamsikia mama mwenyewe, na wa mbali ataelewa. Kwa kazi zetu za utafiti za Afrika Mashariki, ambapo tunahoji kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, naona ni aibu jinsi tunavyojaza kurasa kwa alama za mtajo zinazozingira Kiingereza ambacho hakuna mtu aliyekitamka. Wanakijiji wa watafiti wetu wote wanaongea kama wahadhiri! Mimi nikisoma hizo huwa naruka.

Na nukta? Hapa sasa, mwanangu, kalamu nyekundu zina ugomvi wa kweli, na si wa wasahihishaji wako, ni wa Marekani na Uingereza. Mmarekani nukta na koma huzitia ndani ya alama ya kufunga, siku zote, hata kama hazimhusu mwenye maneno:

She called the octopus “fresh.”

Mwingereza hutazama mwenye nukta ni nani. Kama aliyenukuliwa alisema neno moja tu na sentensi ni yako, basi nukta ni yako, inakaa nje:

She called the octopus ‘fresh’.

Akili yangu inamkubali Mwingereza, kwa kuwa anaifuata ile kanuni ya kila kitu na mwenyewe. Lakini mwenye mtihani ndiye mwenye sheria. APA maana yake ni chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kwa hiyo ukiandika kwa APA, nukta ndani. Bila shaka yule wa muhula uliopita alikulia kwenye vitabu vya Oxford, na hakujali chuo kimeagiza nini. Sentensi nzima ya mtu, kama ile ya kulipa kesho, hawaigombanii. Wote nukta huitia ndani. Kiulizio nacho hakina utaifa. Kama anayeuliza ni yule aliyenukuliwa, ndani. Kama ni wewe, nje:

He asked, “Will you pay?”
Did he really say “I will pay”?

Nukta pacha na nukta mkato hukaa nje kwa wote wawili. Ila usije ukasema sikukuonya: kwenye APA, ukifunga nukuu fupi halafu ukaweka mabano ya jina, mwaka na ukurasa, nukta inasubiri mpaka mabano yafungwe:

The women “sell to one buyer” (jina, mwaka, ukurasa).

Hata Mmarekani hapo anakubali kuitoa nje. Na dondoo likifika maneno 40 au zaidi, alama zinaondoka kabisa: unalianzisha mstari mpya, unalisogeza lote ndani kutoka pambizo ya kushoto, na ule mpangilio wenyewe ndio unaosema maneno haya si yangu. Huko nukta hutangulia mabano, kinyume cha nilichokuambia sasa hivi. Usiniulize kwa nini.

Utaona pia nimetumia alama mbilimbili kwenye mfano wa Mmarekani na moja moja kwenye wa Mwingereza. Wamarekani huanza na mbili, na nukuu ikiwa ndani ya nukuu ile ya ndani hupata moja. Vitabu vya Oxford hufanya kinyume, ingawa magazeti mengi ya Uingereza hutumia mbili kama Wamarekani. Wewe shika mbili. Mbali na APA, ninayo sababu ya Kiswahili: moja ile ya kufunga ina sura ile ile ya ritifaa, na sisi tuna ng'ombe, ng'ambo na ng'onda. Jaribu kumzingira ng'ombe kwa alama moja moja uone. Msomaji atadhani nukuu imefungwa kabla mnyama hajatoa kichwa.

Majina ya kazi za watu nayakimbilia. Ndani ya matini, makala, shairi, hadithi fupi na sura ya kitabu hutiwa alama, ila kitabu kizima, gazeti na filamu huandikwa kwa herufi za mlazo bila alama. Kwenye orodha ya marejeo ya APA, jina la makala hupoteza alama zake. Na usihangaike kama kompyuta yako inatoa alama zilizopinda au zilizonyooka. Zile zilizonyooka ni urithi wa taipureta, ambayo ilikuwa na kitufe kimoja cha kufungulia na kufungia. Ila zisichanganyike kwenye ukurasa mmoja, hasa unapobandika maneno kutoka kwenye simu.

Turudi kwenye kibao, kwa kuwa ndicho kinachokula mshahara wako. Mwandikie mchoraji hivi, na umsimamie:

WELCOME!
Fresh octopus every day
Clean rooms, hot water
Our guard is here all night

Ni maneno yale yale uliyoyachagua mwanzo, ambayo hayakuwa na kosa. Mwambie tajiri kwamba huhitaji ubao mpya: mchoraji afunike zile alama kwa rangi ya chini ya kibao, jozi nne tu, na bei yake haiwezi kufika ya kibao kizima. Akikataa, muulize zile picha wageni walizopiga wiki mbili zimemletea wateja wangapi.

Mstari wa mlinzi uanze wao kufutwa, na mzee mwenyewe awepo anaangalia. Nami nikijaliwa kufika huko nitaagiza pweza, lakini nitapitia kibaoni kwanza.